Tupeane uzoefu: waliowahi kujitolea FOSDEM, Brussels

Mleta mada: Ndugu zangu, jana nikipanga nguo za baridi niliikuta fulana yangu ya kujitolea FOSDEM, ule mkutano wa kila mwaka wa programu huria za kompyuta, na mambo mengi yakanirudia. Naomba tuliowahi kusimama milangoni, kushika kamera au kufagia kumbi za chuo kikuu cha ULB pale kampasi ya Solbosch tusimulie, kwa kuwa wapo vijana wanaotamani kwenda Februari na hawana wa kumuuliza.

Binti Nyamagana: Mimi nilipangiwa kamera katika chumba kidogo cha jengo la H, ambako kipaza sauti anachovaa mtoa mada ni cha matangazo ya mubashara mtandaoni na rekodi tu, wala hakipeleki sauti chumbani. Mtoa mada alisikia joto, akavua sweta, na bila kujua akakizima kile kikasha cha kiunoni. Waliomo chumbani walimsikia vizuri, nami nilikuwa nahangaika kuiweka sura yake katikati ya picha. Mdogo wangu, aliyekuwa amenyimwa viza mwaka ule na akifuatilia mubashara kutoka Mwanza, akaniandikia: "Dada, midomo inacheza ila hatusikii kitu." Kutazama kikasha, kitaa chake kilikuwa kimezimika. Nilipita mbele ya watu wote, nikainama, nikakiwasha huku vidole vikitetemeka, lakini dakika 15 zilikuwa zimeshapotea. Tangu siku hiyo sishiki kamera bila visikilizio masikioni.

Fundi Waya: Yamenikuta hayo hayo. Pole sana, dada.

Msafiri: Mimi bado nina uchungu na mkutano mwingine wa programu huria, ambako kijana wa mlangoni alinizuia ilhali viti vitatu nilikuwa naviona kwa macho yangu.

Mama Zawadi: Kaka, nimesimama milangoni FOSDEM mara nne. Kiingilio ni bure na hakuna kujiandikisha, kwa hiyo hakuna ajuaye watakuja wangapi. Chumba kikijaa, bango linawekwa mlangoni, kwa sababu moto ukitokea njia lazima ziwe wazi.

Msafiri: Kanuni naielewa, mama. Kilichoniumiza ni lugha aliyoitumia.

Mama Zawadi: Hapo una haki, nakuomba radhi kwa niaba yake.

Fundi Waya: Vijana, chukueni zamu ya usafi ya Jumapili jioni, kwani mkikunja nyaya pamoja ndipo mnapojuana.

Mleta mada: Mimi nasema mwaka wa kwanza usiichukue, maana utakuwa hoi na treni itakuacha.

Msafiri: Dada wa kamera, mwaka 2021 na 2022, mkutano ulipofanyika mtandaoni kwa ajili ya korona, sisi wa nyumbani tulihudhuria sawa na wa Ulaya. Je, mdogo wako alipata viza baadaye?

Binti Nyamagana: Bado, kaka. Ameomba tena, na tarehe ya kuhojiwa ameshapewa.