Shahada ya biashara ya kimataifa: inalipa au ni jina kubwa tu?

Lindi88
Wakuu, kuna dogo katoka kidato cha sita, mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu), kapata nafasi mbili chuoni: uhasibu na biashara ya kimataifa. Mzee anasema uhasibu una CPA, cheti cha mhasibu wa kitaaluma, mbele yake, hiyo nyingine haina bodi wala mtihani wa kitaaluma. Dogo anaitaka hiyo nyingine. Inalipa kweli?

ForodhaKwanza
Mzee yuko sahihi. Mhasibu ana bodi yake, NBAA, mtu wa ununuzi na ugavi ana yake, PSPTB. Huyu anatoka na karatasi isiyofungua mlango wowote wenye leseni. Hata kwenye uwakala wa forodha ataulizwa EACFFPC, cheti cha mawakala wa forodha Afrika Mashariki, ambacho Chuo cha Kodi kinafundisha kwa miezi sita. Miaka mitatu darasani, ukimpa ankara hajui FOB (bei ya mzigo ukishapakiwa melini) na CIF (bei pamoja na nauli na bima) zinatofautiana wapi.

Mama Shehena
Hiyo ya FOB na CIF umeitoa wapi? Inafundishwa mwaka wa kwanza. Wanaochanganya ni wa mtaani, wanaoamini kwamba ukinunua CIF Dar es Salaam, meli ikizama hasara ni ya muuzaji. Muuzaji kalipa nauli na bima tu. Hatari imeshahamia kwako tangu mzigo ulipopakiwa melini Shanghai, na wewe ndiye utakayehangaika na kampuni ya bima. Halafu bima anayolazimika kukununulia kwa Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, ni ya chini kabisa, Klozi C. Wizi haumo. Maji ya bahari yakiingia kwenye kontena, hayamo.

ForodhaKwanza
Dada, CIF unanifundisha mimi? Nani anaagiza CIF siku hizi? Sheria inataka bima ya mzigo unaoingia inunuliwe kwa kampuni ya ndani, hapa na Kenya pia. Ukileta CIF umelipa bima mara mbili. Mwambie muuzaji aandike CFR, yaani bei na nauli bila bima, halafu bima kata hapa, ambatisha kwenye nyaraka, basi.

KaratasiNaMuhuri
Nyote wawili mnapotosha. FOB, CFR na CIF ni za mzigo unaopakiwa moja kwa moja melini: ngano, klinka ya saruji, mafuta. Kontena unalikabidhi yadi, linasubiri meli siku kadhaa. Likiungua pale kwa FOB, hasara ni ya muuzaji ingawa halimo tena mikononi mwake. Anayeumia ni mtu wetu anayeuza kahawa nje. Kontena ni FCA au CPT, ambapo hatari inahama ukishalikabidhi kwa msafirishaji. Kilichokuwa kikisumbua ni benki kudai BL, hati ya shehena ya meli, yenye maneno kwamba mzigo umepanda meli, na FCA haikuwa na njia ya kuipata. Toleo la 2020 limeweka kipengele: mkikubaliana, mnunuzi anamwagiza msafirishaji ampe muuzaji BL ya aina hiyo.

ForodhaKwanza
Hayo ni ya vitabuni. Ankara za Guangzhou zinakuja FOB na makontena yanatoka. Forodha inachotaka ni thamani ya CIF ipige ushuru. Chukua 10,000,000. Ushuru 25% ni 2,500,000. VAT 18% inapigwa kwenye 12,500,000, siyo kwenye 10,000,000, kwa hiyo 2,250,000. Bado tozo ya reli na nyinginezo. Wahitimu wangapi wanajua VAT inakaa juu ya ushuru?

Mama Shehena
Kuzidisha asilimia ni kazi ya mashine. Kazi ya mtu ni kabla ya hapo: bidhaa inakaa kwenye namba ipi ya HS, orodha ya dunia ya kuainisha bidhaa. Tarakimu sita ni za dunia nzima, Afrika Mashariki inaongeza mbili. Ukikosea mstari unatoka 10% unaangukia 25%, au 35% iliyoanza Julai 2022. Mkibishana na ofisa, kontena linakaa na demareji, tozo ya kulichelewesha, inahesabu kila siku. Hapo cheti cha miezi sita kinamsaidia nani kuandika hoja?

ForodhaKwanza
Kinawasaidia wanaoziandika kila wiki. Usidharau cheti cha watu.

Lindi88
Wakuu, dogo anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja wiki hii. Achague kipi?

Mama Shehena
Aangalie masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Kama hamna forodha, malipo ya kibenki na lugha ya kigeni, aende uhasibu. Na CPA haijamfungia mlango, mwenye shahada nyingine anaingia, ila anaanzia chini ya wenzake.

ParachichiHass
Mnazungumza kuagiza tu, kana kwamba nchi haiuzi. Parachichi la Njombe: ukikausha nyama ya aina ya Hass, kinachobaki kisipungue 21% ya uzito. Likichumwa kabla ya hapo haliivi, linasinyaa. Kontena la baridi nyuzi 5 hadi 6, cheti cha afya ya mimea cha mamlaka yake, TPHPA, cheti cha uasilia kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani. Kama ni LC, ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta nyaraka sahihi, nyaraka zifike benki ndani ya siku 21 tangu mzigo kupakiwa, na benki ina siku tano za kazi kuzikagua. Jina la mnunuzi likiandikwa tofauti, zinarudishwa.

KaratasiNaMuhuri
Parachichi kwa LC? Matunda mengi yanakwenda kwa mali kauli. Mnunuzi anauza kwanza, anakata nauli, ghala na kamisheni yake, mkulima anatumiwa kilichobaki. Kikibaki.

ParachichiHass
Ndiyo maana mkataba uwe na bei ya chini isiyoshuka, na mkaguzi wa nje afungue kontena ndani ya saa 48 tangu lifike, apige picha na kusoma kifaa cha joto. Bila ripoti hiyo, mnunuzi asiruhusiwe kukata hata senti kwa kisingizio cha kuoza.

ForodhaKwanza
Mkaguzi huyo analipwa na nani?

ParachichiHass
Anayedai kuwa mzigo umeoza. Iandikwe hivyo hivyo.