Mafuta ya Mexico katika uzalishaji wa dunia, 1921 hadi 1938: hesabu yangu imekosea wapi?

Mwalimu wa Nyegezi
Habari zenu, ndugu. Ninafundisha historia kidato cha sita hapa Mwanza, na kesho kutwa nitawaeleza wanafunzi nafasi ya Mexico katika mafuta ya dunia baina ya vita kuu mbili. Nimeona kwamba mwaka 1921 nchi hiyo ilitoa mapipa yapatayo milioni 193, na dunia nzima takriban tani milioni 105. Nimeyageuza mapipa kuwa lita, kisha lita kuwa tani kwa kukadiria kwamba lita moja ina gramu 900, nikapata theluthi ya mafuta yote, ilhali vitabu vinasema robo. Tena, mwaka 1938 sehemu ya Mexico haifiki hata asilimia 2. Je, ni sahihi kufundisha kwamba kilichoiangusha ni hatua ya Rais Lázaro Cárdenas ya kutaifisha mafuta mwaka huo?

Mzee wa Kirumba
Salamu, Mwalimu. Nimetunza ghala la mafuta kwa miaka mingi, na bila shaka umepima kwa pipa la chuma tunalolijua sote, lile linalobiringishwa bandarini, lenye lita 200 na ushei. Pipa la hesabu za mafuta ghafi ni dogo zaidi: galoni 42 za Kimarekani, yaani lita 159 hivi. Zidisha upya, utapata lita bilioni 30.7, ambazo kwa kadirio lako ni tani milioni 27 na nusu. Na ukipata takwimu zote mbili kwa mapipa, usizigeuze kabisa. Dunia ilitoa mapipa yapatayo milioni 766 mwaka huo, kwa hiyo gawanya moja kwa moja.

Binti wa Igoma
Shikamooni, Mzee na Mwalimu. Kuhusu utaifishaji, naomba wanafunzi wasifundishwe hivyo, kwa sababu tarehe zenyewe zinakataa. Cárdenas alitaifisha tarehe 18 Machi 1938, wakati uzalishaji ulikuwa umekwisha kushuka hadi mapipa milioni 33 hivi mwaka 1932. Chanzo kikubwa kilikuwa chini ya ardhi. Katika ukanda wa Faja de Oro, kusini mwa Tampico, mafuta yalilala juu ya maji ya chumvi ndani ya miamba ya chokaa, na visima viliachwa vitoe kwa nguvu vilivyojaliwa. Cerro Azul namba 4, kilichofumuka mwaka 1916, kilirusha mapipa yapatayo 260,000 kwa siku. Mafuta yalipoondolewa kwa pupa namna hiyo, maji ya chumvi yalipanda kushika nafasi yake, na visima vilivyokuwa fahari ya nchi vikaanza kutoa maji.

Ni kweli pia kwamba kampuni za kigeni ziliiogopa ibara ya 27 ya katiba ya 1917, iliyoyafanya mafuta yaliyo ardhini kuwa mali ya taifa. Nyingi zikageukia Venezuela, ambako kisima cha Barroso namba 2 kililipuka Desemba 1922 huko Cabimas, kando ya Ziwa Maracaibo. Sisi wa ziwani tunaweza kuiona picha hiyo vizuri: minara ya kuchimbia ikisimama majini, mahali ambapo huku kwetu tungetazamia mitumbwi. Kufikia 1928 Venezuela ilikuwa imeipita Mexico.

Mzee wa Kirumba
Niongeze jambo moja, binti yangu. Mvuvi akishusha magunia 10 ya dagaa siku ambayo soko la samaki la Mwaloni limepokea 40, ana robo. Akishusha hayo hayo 10 siku ambayo yamefika 100, amebaki na asilimia 10 bila kupungukiwa hata dagaa mmoja. Mwaka 1938 dunia ilikaribia mapipa bilioni 2, na Marekani peke yake ilitoa zaidi ya asilimia 60. Mexico hata ingebaki na milioni zake 193, ingekuwa na asilimia 10 hivi.

Mwalimu wa Nyegezi
Marahaba, binti. Mzee, nashukuru sana. Kweli nilitumia lita 200. Kwa mapipa napata asilimia 25, kwa tani 26, na tofauti hiyo naielewa, kwa kuwa gramu 900 ni uzito mkubwa kuliko wa mafuta mengi ya dunia, ingawa yale ya Mexico yalikuwa mazito. Nitachora mistari miwili ubaoni, mmoja wa mapipa na mwingine wa asilimia, na mwaka 1938 nitautia alama mahali ambapo mistari yote miwili imekwisha kushuka.