Kigoma: Nimelipia kuangalia ndege mdomo wa Malagarasi, nikapewa disko la majini

Wakuu, nimejizuia nimeshindwa. Kuna jamaa wa utalii hapa Kigoma mjini (jina naliacha, wakisoma watajijua) wanauza safari ya "matembezi ya asili na kuangalia ndege" pale mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, upande wa Ilagala. Elfu themanini kwa kichwa, chakula juu yao. Mimi na shemeji yangu aliyekuja kutoka Tabora tukalipa yote mapema.

Tangazo lao lina picha ya korongo-nyangumi, yule wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, na chini yake "ndege wahamiaji kutoka Ulaya". Safari yenyewe Julai! Keremkerem na mbayuwayu wa Ulaya wanashuka huku Oktoba hivi na kuondoka Aprili. Julai wako kwao. Na korongo-nyangumi mtafute kwenye mabwawa ya mafunjo kule Moyowosi, mbali juu ya mto. Najua mtajitetea kwamba maji ni yaleyale, na kweli Malagarasi-Muyovozi, yenye hiyo Moyowosi ndani yake, ndilo eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2000, zaidi ya hekta milioni tatu. Sasa hekta milioni tatu ndiyo unipeleke popote unapotaka?

Kuondoka tuliambiwa saa kumi na moja alfajiri. Gari likatokea saa tatu, dereva anatafuna muhogo. Tunafika majini jua kali, ndege wengi wameshakula na kujificha kwenye matete. Halafu msimu huu upepo wa kusini ukianza kuvuma, ziwa linachafuka, kila mvuvi wa hapa anajua. Boti ina watu kumi na wawili, jaketi za kujiokolea nne, tena moja haina kamba. Nikauliza, nikajibiwa, "Kaka, hapa maji mafupi." Mto wenye viboko na mamba, maji mafupi!

Basi, hata hayo ningeyameza. Kilichonichefua ni injini. Pale maji ya tope ya mto yanapokutana na ya bluu ya ziwa, mstari unauona kabisa kwa macho, palikuwa na fungu la mchanga limejaa yangeyange na mnandi waliotandaza mabawa wakijikausha. Furukombe kwenye mti mkavu. Mdiria mmoja, yule wa madoa meusi na meupe, amesimama hewani anapiga mabawa, kichwa hakitikisiki, anapima samaki. Nikamwomba nahodha azime injini twende kwa upondo. Akaongeza moto! Na spika ya muziki juu. Kiongozi wetu naye akachota tonge la tope akawarushia wale mnandi, eti waruke "mpate picha nzuri". Mdiria akatoweka kabla hajapiga mbizi. Fungu zima likabaki kinyesi na nyayo.

Shemeji akamuuliza kiongozi yule wa mti mkavu ni ndege gani. Jibu: "Huyo ni mwewe wa maji." Furukombe, ndege anayelia mpaka kijiji kizima kinasikia, wewe mwenyeji humjui?

Matembezi ya miguu yalikuwa kupita katikati ya michikichi ya watu mpaka kwenye banda la chakula. Hapo akaja kijana anadai elfu tano ya "kijiji". Risiti? Hana. Kampuni inasema hiyo haikuwemo kwenye bei. Samaki wa mgebuka alikuwa mtamu, hilo siwadhulumu.

Nimedai nirudishiwe nusu. Wananiambia "bosi yuko safarini", simu haipokelewi, ujumbe unasomwa unaachwa. Na bado kila siku wanarusha ile picha ya korongo-nyangumi.

Wengine mliolizwa hapo wekeni yenu hapa. Na kama kuna mtu anamfahamu mvuvi wa Ilagala mwenye mtumbwi wa kasia, anayekubali kutoka kabla jua halijachomoza na kukaa kimya majini, anitumie ujumbe. Bei tutaelewana, na nitamlipa yeye mkononi.