Tupeane uzoefu: siku kredi zilipokukata wastani

Wa Nyawera: Leo nimemkuta kijana wa chuo analia mbele ya ubao wa matokeo, kikokotoo mkononi. Nimekumbuka mbali. Nani mwingine kredi, yaani uzito wa kila kozi kwenye wastani, zilimpiga hivyo?

Binti Kadutu: Mimi. Chukua kozi nne tu. Hesabu kredi 6, nikapata 7. Uchumi kredi 5, nikapata 9. Kiingereza kredi 2, nikapata 16. Uraia kredi 2, nikapata 15. Nikajumlisha 47, nikagawa kwa 4: 11,75! Nikampigia mama sokoni, akafunga meza mapema, akanunua kuku. Jioni yaya, ndugu yangu mkubwa, akachukua karatasi yangu, akaandika pembeni: 42, 45, 32, 30. Jumla 149, gawa kwa kredi 15. 9,93: sijafika 10. Kuku yuko bado kwenye sufuria. Mama hakuuliza kitu, akaniwekea paja. Lilinikwama kooni.

Katindo: Pole sana dada. Mimi 9,8, najua.

Mwalimu wa Panzi: Kosa hili tunatoka nalo sekondari. Kwenye buletini, ripoti ya shule, dini ina maksima (alama ya juu kabisa) ndogo, hesabu kubwa. Uzito umo ndani tayari, unajumlisha tu. Chuo kila kozi ni /20, jicho linaona zote sawa. Zidisha alama kwa kredi zake, jumlisha, gawa kwa kredi zote. Semesta ni kredi 30.

Himbi: Mimi nagawa kwa kredi nilizofaulu tu. Mtihani niliokosa kufanya siuhesabu.

Mwalimu wa Panzi: Hapo unajidanganya, ndugu. Alama haipo, lakini kredi zake zinabaki chini, kwenye kugawa.

Himbi: Mbona mwenzangu hawakumhesabia?

Mwalimu wa Panzi: Alileta karatasi ya daktari?

Himbi: ...Alileta.

Mwana Katuba: Dawa ni moja: soma kozi za kredi 6, ndogo ziache.

Katindo: Msimsikilize! Kiingereza cha kredi 2 ndicho kilichonivusha mwaka uliofuata.

Wa Nyawera: Na wanaoomba nafasi Marekani, msigawe 14/20 kwa 5 mkaandika 2,8. Ngazi yao ya 4 (GPA, wastani ambao juu kabisa ni 4) ina jedwali lake. Pelekeni releve, karatasi ya alama zenu, kama ilivyo.

Mwana Katuba: Binti Kadutu, iliishaje?

Binti Kadutu: Sesyo ya pili, mitihani ya marudio, nikarudia Hesabu, nikapata 10. Kozi moja tu, lakini ina kredi 6: 149 ikawa 167, wastani 11,13. Safari hii sikupiga simu. Nilishuka sokoni na releve mkononi, mama akaisoma mstari kwa mstari mbele ya wateja.