Dodoma: Chenin Blanc au Makutupora Nyekundu, na je, mipera ikae mpakani?

Ekari2_Mpunguzi:
Wakuu, habari za humu. Shamba lipo Mpunguzi, maji ya kisima yapo, zabibu zitauzwa kwa wasindika mvinyo. Nichague aina gani, Chenin Blanc (nyeupe) au Makutupora Nyekundu? Na nipogolee lini nisivune mvuani? Mpakani nataka mipera, hasa ile midogo ya matunda mekundu, iwe uzio na watoto wapate cha kuchuma. Itasumbua zabibu?

Mkasi_Mkali:
Mkuu, anza na kalenda, aina itafuata. Kutoka kupogolea hadi kuvuna ni miezi minne hadi minne na nusu. Pogolea mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, utavuna Septemba, kiangazi, sukari imepanda. Ukipogolea Oktoba au Novemba, mavuno yanaangukia Februari na Machi, katikati ya mvua. Hapo ndipo Chenin inapokutia hasara: punje zake zimebanana, moja ikipasuka kwa maji, uozo unatembea ndani ya kichala na nje hakionyeshi kitu. Makutupora Nyekundu ndiyo waliyoizoea wakulima wengi wa huko. Mimi ningeipa nafasi kubwa zaidi, Chenin iwe mistari michache na ya kiangazi tu.

Kata tawi lililoiva, la kahawia, bakiza macho mawili, yaani sehemu mbili za kuchipukia. Mkato uwe sentimita moja au mbili juu ya jicho, mteremko uelekee upande usio na jicho, maana mzabibu uliokatwa hutoa machozi (maji ya mti) na yakitiririkia jicho linalowa muda mrefu.

Dodoma haina baridi ya kutosha, kwa hiyo macho huamka kwa mafungu. Wanaopaka dawa ya hidrojeni sayanamidi kuyaamsha kwa pamoja wafuate kipimo cha lebo, wavae glavu na wasiguse pombe siku hizo, wala siku za kabla na baada yake. Dawa hiyo na pombe mwilini ni hatari kweli, na humu tunazungumzia mvinyo.

Bwana_Salfa:
Naongeza magonjwa. Unga mweupe juu ya jani na kwenye punje changa ni ubwiri unga. Huu hauhitaji jani kulowa, hata kiangazi unakuja. Salfa inautosha ukiwahi, ila usipulize jua kali: joto likizidi nyuzi 30 hivi, majani yanaungua. Doa la njano kama tone la mafuta juu ya jani, na manyoya meupe chini yake, ni ubwiri vinyoya. Huo unapenda mvua na unataka dawa ya kopa (shaba) kabla haujaingia. Wengi huchanganya hizi mbili, wanapuliza salfa kwa vinyoya na kulaumu duka la dawa.

Mama_Karafuu:
Kuhusu mipera, huo mdogo wa matunda mekundu ni wa jamii moja na mpera wa kawaida, mzambarau na mkarafuu. Uzio mzuri, lakini nzi wa matunda wanazaliana kwenye mapera yaliyoiva na kuanguka, na ndege wakizoea mapera, zabibu zinafuata. Pia huenea wenyewe. Hawaii na Mauritius umekuwa kero ya misitu. Ukiutaka, weka miche michache karibu na nyumba, si mpakani. Okota yaliyoanguka kila siku mbili, funga kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uache juani wiki nzima. Kuyatupa kwenye shimo wazi ni kulea nzi. Mzambarau usiuweke kabisa kando ya mistari: ni mti mkubwa, unafunika jua na unashindania maji.

Ekari2_Mpunguzi:
Asanteni. Sukari nitajuaje imefika?

Mkasi_Mkali:
Rifraktomita, kifaa cha kupima sukari kwenye tone la juisi. Chuma punje kama 100 kwenye mashina tofauti, upande wa jua na wa kivuli, juu na chini ya kichala, kamua pamoja, pima tone. Wengi wanaopima punje moja huchagua tamu kabisa na kujidanganya. Briksi (kipimo cha sukari) 21 hadi 23 ni pazuri kwa Chenin, lakini muulize mnunuzi anataka ngapi kabla hujavuna. Punguza maji wiki za mwisho, usiyakate ghafla: majani yakinyauka sukari nayo inasimama.