Katamarani za mbio za bahari kuu: kinachozizuia kupinduka ni nini, na mshika mafuta anafanya kazi gani hasa?

Mwanamkondo aliuliza:

Salaam kwenu wapenzi wa mbio za majini. Nimekuwa nikifuatilia mashindano ya katamarani, yaani boti zenye bodi mbili sambamba, za Daraja la Kwanza, yale yanayosimamiwa na UIM, shirikisho la kimataifa la mbio za boti za injini, na kuna mambo matatu ambayo kila nikiyatazama yananitatiza. La kwanza, chombo chenye urefu wa mita 12 hadi 14 na uzito wa takriban tani tano kinawezaje kupita juu ya mawimbi kwa zaidi ya kilomita 250 kwa saa, kikiwa kimegusa maji kwa sehemu ndogo tu ya tezi (upande wa nyuma), bila upepo kukibeba na kukilaza chali? La pili, kwa nini wanakaa watu wawili ndani ya chumba kimoja, mmoja akishika usukani na mwingine akishika mafuta, yaani akiongeza na kupunguza nguvu ya injini, ilhali gari la mbio linaendeshwa na mtu mmoja? La tatu, kuna nyakati mngurumo wa injini hupanda ghafla, ukakatika kwa muda mfupi mno, kisha ukarudi kwa nguvu. Je, hiyo ni hitilafu au inafanywa kwa makusudi? Atakayejibu asiogope kuingia ndani ya ufundi wenyewe, kwa sababu maelezo ya juu juu nimeshayasoma ya kutosha.

Fundi wa Tezi alijibu:

Ndugu Mwanamkondo, nitaanza na swali lako la kwanza, kwa kuwa hayo mengine mawili yanazaliwa humo.

Maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800 katika ujazo uleule, kwa hiyo kila sehemu ya bodi inayobaki majini inakula nguvu ya injini. Boti yoyote ya mwendo kasi hupunguza hasara hiyo kwa kuinuka na kuteleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Katamarani hufanya hivyo, kisha inaongeza jambo jingine: kati ya bodi zake mbili nyembamba kuna uvungu mrefu uliofunikwa kwa sitaha juu na kuzibwa na uso wa bahari chini. Boti inapokwenda mbio, hewa husukumwa kuingia katika uvungu huo kwa nguvu, inabanwa, na inainua sitaha kutoka chini. Sitaha yenyewe imechongwa kwa umbo linalokaribia bawa la ndege. Matokeo yake ni kwamba chombo kinabebwa na vitu viwili kwa pamoja, maji kidogo upande wa tezi na hewa nyingi chini ya tumbo, na ndiyo maana unakiona kana kwamba hakigusi chochote.

Sasa ndipo penye hatari, na nakuomba upasome taratibu. Nguvu ya hewa haikui sambamba na mwendo, bali inakua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka kilomita 200 kwenda 250 kwa saa, umeongeza mwendo kwa robo tu, lakini nguvu inayokuinua imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Tena nguvu hiyo haikai mahali pamoja. Injini mbili na sehemu kubwa ya uzito ziko nyuma, ilhali omo, yaani ncha ya mbele ya boti, likiinuka kidogo, hewa inapata eneo kubwa zaidi la kusukuma upande wa mbele. Omo linazidi kuinuka, hewa inazidi kusukuma, na kuanzia hapo kila hatua inailisha inayofuata mpaka boti inasimama kwa tezi na kuanguka chali. Hakuna katamarani ya mbio isiyokuwa na kikomo hicho. Kinachofanywa na wachoraji wake ni kukisogeza mbali kadiri wanavyoweza, kwa kupanga uzito, kwa kuchonga uvungu ili hewa itoke nyuma bila kukwama, na kwa kuyapa matumbo ya bodi hizo vidato vinavyopunguza eneo linaloshikwa na maji.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawalitilii maanani ni upepo. Hewa haijui mwendo wa boti juu ya bahari. Inajua mwendo wa boti dhidi yake. Chombo kinachokwenda kilomita 200 kwa saa kuuelekea upepo wa kilomita 30 kinahisi hewa ya kilomita 230, na nguvu ya kukiinua inazidi kwa takriban theluthi moja. Kikizunguka boya na kurudi upepo ukiwa nyuma, chombo kilekile kinalala zaidi majini na kuwa kizito. Kwa hiyo katika mzunguko mmoja wa mbio, wafanyakazi wake wanaendesha boti mbili zenye tabia tofauti.

Mama Rafadha alijibu:

Fundi ameeleza vizuri, nami nitashughulikia swali la pili na la tatu, kwa kuwa nimekaa miaka mingi karibu na rafadha (mapanga yanayozunguka nyuma na kuisukuma boti) na giaboksi, na ninaamini kazi ya mshika mafuta haipewi heshima inayostahili.

Rafadha za boti hizi hazizami zote. Katika mwendo wa mashindano, nusu ya chini ndiyo iliyo majini na nusu ya juu inazunguka hewani. Hilo limekusudiwa, kwa sababu shafti na kitovu cha rafadha vikizama vinakokota maji, na pia kwa sababu rafadha iliyozama kabisa ikizungushwa kwa kasi hiyo hutengeneza mapovu ya mvuke ambayo yanapunguza msukumo na kula chuma chenyewe. Rafadha ya nusu nje huingia majini ikiwa imejivika hewa mgongoni, na hewa hiyo inachukua nafasi ya yale mapovu mabaya. Ukipata bahati ya kuiona moja kwa karibu, tazama ukingo wa nyuma wa kila panga: haukuchongwa kuwa mwembamba kama wa rafadha ya kawaida, bali ni mnene na umekatwa wima, ili maji yaachane nao kwa ghafla. Kwa kuwa rafadha inayofanya kazi hivi inausukuma mkia wa boti pembeni, rafadha mbili za katamarani huzungushwa kwa kupishana, moja kulia na nyingine kushoto, ili misukumo hiyo ifutane.

Sasa fikiria boti inaruka wimbi. Rafadha zinatoka majini, mzigo wote unaondoka, na injini iliyokuwa ikihangaika inajikuta huru. Mizunguko yake inapanda papo hapo, na isipodhibitiwa inaweza kujivunja. Huo ndio mlio mkali unaousikia. Mshika mafuta anarudisha nyuma vijiti vya mafuta, na hicho ndicho kimya chako kifupi. Lakini hawezi kuviacha huko. Boti ikitua injini zikiwa zimelegea, maji yanaikamata na kuivuta nyuma, omo linashuka na linaweza kuchimba wimbi linalofuata. Boti ikitua mafuta yakiwa wazi kabisa, rafadha zinashikwa na maji kwa kishindo, na kishindo hicho kinapanda kupitia shafti hadi kwenye meno ya gia. Nimeshika mikononi gia zilizokatika meno matatu au manne mfululizo kwa sababu ya kutua vibaya mara moja tu. Kwa hiyo anapaswa kurudisha mafuta kabla kidogo ya kugusa maji, kwa kiasi kinacholingana na mwendo ambao boti inatua nao. Injini hizo si za mchezo: kwa miaka mingi Daraja la Kwanza lilitawaliwa na V12 (injini za silinda 12) za Lamborghini zenye lita zipatazo 8.2 na nguvu za farasi 850 kila moja, na baadaye zikaja V8 (za silinda 8) za Mercury Racing za nguvu za farasi 1,100. Kila boti inabeba mbili.

Juu ya hayo, mara nyingi ni yeye huyohuyo anayerekebisha mabapa ya tezi na pembe ya rafadha ili kuinua au kushusha omo, na katika baadhi ya boti anajaza au kumwaga maji kwenye tangi la mbele ili kuongeza uzito pale Fundi alipoeleza kwamba hewa inaanza kushinda. Kwa kilomita 250 kwa saa boti inakwenda takriban mita 69 kila sekunde. Mtu akihitaji robo sekunde kuona jambo na kulijibu, boti imeshapita mita 17, yaani zaidi ya urefu wake wote. Dereva akiwa na maboya, wapinzani na njia ya kupita ya kuangalia, hana nafasi ya kulisoma kila wimbi kwa niaba ya injini. Ndiyo maana wako wawili.

Mkuku Mkali alijibu:

Naomba kuongeza upande ambao haujaguswa. Mazungumzo haya yanaweza kumfanya msomaji adhani kwamba katamarani hushinda siku zote, na bahari haikubaliani na hilo. Mchezo huu wa kisasa ulianza na mbio za Miami hadi Nassau mwaka 1956, na mwaka 1960 boti ya Richard Bertram iitwayo Moppie, iliyochorwa na Ray Hunt ikiwa na tumbo lenye umbo la V kali, ilishinda mbio hizo katika bahari iliyochafuka vibaya. V ya namna hiyo, yenye pembe ya takriban digrii 24 hata kule tezini, hukata wimbi na kutua polepole. Katamarani haina ulaini huo. Wimbi likiwa refu kuliko kimo cha uvungu, maji hupiga dari la uvungu moja kwa moja, na bodi moja ikitangulia kuchimba kabla ya nyenzake, chombo kinageuka ghafla bila idhini ya mtu.

Katamarani zilianza kuzishinda boti za V katika bahari ya wazi mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa kwa kazi ya James Beard na Clive Curtis wa Cougar Marine nchini Uingereza. Katika maji tulivu au yenye msukosuko wa wastani hakuna mjadala tena. Lakini mpe nahodha mzuri boti ya V na bahari mbaya ya kutosha, nami nitamwekea matumaini yangu yeye.

Mwanamkondo aliuliza tena:

Nawashukuru sana, na hasa Mama Rafadha, kwa sababu sasa nausikia mlio ule kwa masikio mengine. Nina swali moja lililobaki. Fundi amesema kwamba kikomo kipo siku zote. Kikivukwa, waliomo ndani wanaokokaje?

Fundi wa Tezi alijibu:

Kwa muda mrefu hawakuwa na kinga kubwa. Tarehe 3 Oktoba 1990, Stefano Casiraghi, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1989, alifariki karibu na Monaco akitetea taji lake baada ya katamarani yake kupinduka katika wimbi. Mwenzake Patrice Innocenti alinusurika. Boti ile haikuwa na chumba kilichofungwa. Kanuni zilikazwa baada ya hapo. Timu za Marekani zilikuwa zimeshaanza katika miaka ya 1980 kuweka vifuniko angavu vya ndege za kivita za F-16, na leo wafanyakazi wote wa daraja hili hukaa ndani ya chumba kigumu cha nyuzi za kaboni, wamefungwa mikanda yenye ncha nyingi, kila mmoja akiwa na hewa yake ya kupumua.

Hata hivyo chumba hicho si dawa ya kila kitu. Mwezi Desemba 2009 watu wawili wa timu ya Victory walifariki Dubai wakiwa ndani ya boti ya aina hiyo, na mwezi Novemba 2011 washindani watatu walipoteza maisha katika wiki moja ya mashindano ya Key West. Maji yakikutana na kifuniko kwa mwendo huo hayapishi. Yanapiga kama kitu kigumu, na kifuniko kikipasuka chumba kinajaa mara moja.

Mlango wa dharura uko sakafuni, na sababu yake inatokana na umbo lenyewe. Katamarani ikipinduka mara nyingi haizami, bali huelea chali, sitaha ikiwa chini na tumbo likiwa juu. Sakafu ndiyo inayotazama anga, na mlango huo unafunguliwa kutoka ndani na kutoka nje. Kabla ya kuruhusiwa kushindana, kila mtu hufanyiwa jaribio: anafungwa mikanda ndani ya kizimba kilicho juu ya bwawa, kizimba kinageuzwa chini ya maji, naye anatakiwa kutafuta hewa yake, kufungua mikanda na kuupata mlango kwa mkono, bila kuona. Siku ya mbio, helikopta zenye wapiga mbizi hufuata boti, nao wapiga mbizi hao wako tayari kuruka majini boti inapopinduka, nao huelekea moja kwa moja kwenye mlango huo wa sakafuni.