Siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa chuoni: tuchukue tarehe gani, na tufanye nini?

Mwanakamati_Mbweni

Assalaam alaykum wakubwa na wadogo. Nimo kwenye kamati ya wanafunzi ya chuo chetu huku upande wa Mbweni, Unguja, na nimepewa kazi ya kuandaa siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa. Wazo nimelipata kwa binti wa mjomba anayesoma Texas. Kwao tarehe 19 Juni hawasomi. Hukusanyika uwanjani kukumbuka siku ile ya mwaka 1865 Jenerali Gordon Granger alipotangaza Galveston kuwa watumwa wote wako huru, zaidi ya miaka miwili baada ya tamko la Rais Lincoln la kuwaachia watumwa huru, la Januari 1863. Tangu 2021 ni sikukuu ya Marekani nzima. Aliponitumia picha nikajiuliza mbona sisi, wenye kisiwa ambacho soko lake la watumwa lilijulikana dunia nzima, chuoni kwetu hatuna siku hiyo.

Wenzangu kwenye kamati wanataka 5 Juni, kwa sababu ndiyo siku Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipotia saini mkataba wa kufunga soko la Mkunazini, 1873. Mwengine anasema tuchukue 23 Agosti, siku ya UNESCO ya kukumbuka biashara ya watumwa duniani, yaishe. Moyo wangu haujatulia na tarehe yoyote kati ya hizo. Halafu darasani tumo watu ambao mababu walimiliki watumwa, wengine mababu ndio waliotumikishwa, na wengine wana yote mawili. Sitaki mtu aondoke pale na kinyongo. Naomba ushauri wenu.

Kijana_wa_Darajani

Ndugu yangu, yaliyopita si ndwele. Unguja hii kila mtu ana shemeji kila upande. Mkianza kutaja ukoo fulani walimiliki nani, kesho yake watu hawakai tena barza moja. Fanyeni mashindano ya insha, pandeni miti, yatosha.

Bi_Mwalimu

Waalaykumu salaam mwanangu. Mie nimesomesha historia skuli za Unguja na Pemba mpaka nikastaafu, na jambo hili limo moyoni mwangu miaka mingi. Nivumilie nikiandika sana.

Tarehe 5 Juni muiache. Siku ile lilifungwa soko na ikapigwa marufuku kuwasafirisha watu baharini. Aliyekuwa shambani Bumbwini alilala mtumwa na akaamka mtumwa. Na biashara yenyewe ilijificha tu. Nendeni Mangapwani mkashuke kwenye lile shimo lililochongwa jiweni, walimokuwa wakifichwa watu baada ya mkataba. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na wenye mashamba kule wakataka watu zaidi wa kulima na kuchuma. Majahazi yakaendelea kuvuka usiku. Waingereza waliweka meli yao ya kivita, London, hapa bandarini miaka mingi kuyasaka, na nahodha wake Brownrigg aliuliwa karibu na Pemba mwaka 1881 alipotaka kulipekua jahazi moja. Miaka minane baada ya mkataba!

Chukueni 6 Aprili 1897. Siku hiyo Seyyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawazwa na Waingereza baada ya kulipiga kombora jumba la mfalme Agosti 1896, alitoa amri kwamba mahakama hazitautambua tena utumwa. Lakini someni masharti yake. Hakuna aliyeachiwa huru kwa tangazo. Mwenye kutaka uhuru wake alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba. Fidia alilipwa bwana. Aliyetumikishwa maisha yake yote hakulipwa kitu, na bado alitakiwa aoneshe ana pa kukaa na ana kazi, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Kila nikiyasomesha masharti haya nilikuwa naona nyuso za wanafunzi zinabadilika.

Na hata hivyo naipenda tarehe hii kuliko zote. Ya 1873 ni ya saini ya mfalme na mabalozi. Hii ya 1897 ina mtu aliyetoka shambani kwa miguu yake, akaingia mbele ya hakimu, akasema nataka kuwa huru.

Wanawake waliokuwa masuria hawakuhesabiwa humo. Wao amri ya 1897 iliwaacha majumbani mwa mabwana zao, wakangoja mpaka 1909, enzi ya Seyyid Ali bin Hamoud. Sehemu hiyo naomba isomwe na wasichana wa chuo, wala isifupishwe.

Wewe kijana wa Darajani, fitna naijua, sikukatalii. Lakini ukimya wetu aibu yote umemtwisha aliyetumikishwa. Watu wamebadilisha asili zao, wamefuta majina ya bibi zao, ili wasiulizwe. Aliyeonewa ndiye ajifiche?

Sasa siku yenyewe. Anzeni hapo mlipo, maana ardhi ya Mbweni ina mengi. Misheni ya UMCA, ya Waanglikana wa Uingereza, iliinunua 1871, ikawaweka watu waliotolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa, wakapewa viwanja vya kujengea. Palikuwa na skuli ya wasichana, St Mary's, ikiongozwa na Caroline Thackeray, na wasichana waliotoka kwenye majahazi wakawa walimu. Magofu yake yapo. Kanisa la St John la 1882 bado linasaliwa. Wavulana walikuwa skuli ya misheni ya Kiungani, na mmoja wao, Cecil Majaliwa, aliyetekwa akiwa mtoto, akapewa upadri mwaka 1890. Pitieni pote hapo kwa miguu, muombe ruhusa kwanza. Lakini msiifanye hadithi ya fadhila za wazungu. Watu wale waliifanyia misheni kazi shambani.

Hifadhi ya Nyaraka ya Kilimani wana kumbukumbu za watumwa walioachiwa huru na konseli wa Uingereza, Rigby, mwaka 1860, wale waliokuwa mikononi mwa Wahindi waliohesabiwa raia wa Uingereza. Ombeni kurasa chache. Someni majina yao tu, moja moja, polepole. Jina la aliyemmiliki liacheni humo humo kwenye karatasi. Anayesomewa pale ni yule ambaye hajawahi kusomewa popote.

Na wasichana wavae kanga. Mtumwa alivaa kaniki, kitambaa cheusi, au merikani, kile cha pamba kisichotiwa rangi, kipande kimoja tu chini ya kwapa. Walipopata uhuru wakajaa mitaa ya Ng'ambo hapa mjini, na fedha yao ya mwanzo wengi waliipeleka kwenye kanga, za maua na rangi, wakabadilisha kila sikukuu. Mtandike kaniki moja mezani ili watu waione na waiguse.

Mpemba_wa_Chake

Bi Mwalimu, Mungu akuweke. Nami niongeze la Pemba, maana mara nyingi hadithi hii huishia Mkunazini. Watumwa wa karafuu wengi walikuwa kwetu. Maquaker, Wakristo wa dhehebu moja la Uingereza, walifungua shamba Banani mwaka ule ule wa 1897 na waliopata uhuru wakenda kufanya kazi pale.

Bibi yangu alihadithiwa na bibi yake, aliyekwenda kuomba uhuru Chake. Hati yake aliikunja ndogo kabisa akaitia kwenye kopo la bati, na akitoka kwenda mbali hulichukua kopo. Kisha akarudi shamba lile lile, kwa sababu kibanda chake na mihogo yake vilikuwa pale. Ila sasa kwa makubaliano: siku kadhaa za wiki analima la bwana, zilizobaki zake. Karafuu akachuma kwa malipo ya pishi. Bwana alipotaka kumzidishia siku, alihama. Kuhama huko ndiko bibi yangu alikokuwa akikuhadithia kwa sauti ya juu.

Jambo moja la ratiba: tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume, na sisi wa Pemba tarehe 6 tunapanda boti. Fanyeni asubuhi mapema.

Kijana_wa_Darajani

Kama hawatajwi waliomiliki, basi nami nitakuja. Lakini bado nasema waarifuni wazee wa Mbweni kabla, Waislamu na Wakristo, wasije wakalisikia mtaani.

Mwanakamati_Mbweni

Nimeipeleka 6 Aprili kwenye kamati na imepita. Tutaanza saa moja na nusu asubuhi, tupite magofuni na kanisani, halafu majina yasomwe uwanjani kabla ya watu wa boti kuondoka. Mpemba, ile habari ya kopo la bati unaturuhusu tuisome? Bila jina la bibi. Bi Mwalimu, barua ya Kilimani tuiandike vipi, na kaniki siku hizi inapatikana wapi?

Mpemba_wa_Chake

Isomeni. Na ile ya kuhama isomeni pia.

Bi_Mwalimu

Barua muandikie mkuu wa Nyaraka, ipitie kwa mkuu wa chuo na ipigwe muhuri, mueleze mnataka kurasa zipi na za kazi gani. Pelekeni mapema, hati za zamani hazitolewi kwa haraka. Kaniki ulizeni Darajani kwa wauza vitambaa wa zamani. Mkiipata ifueni kwanza, rangi yake inatoa, isije ikawachafulia kanga.